Ng'ombe Ana Mwenyewe

Greda lilipokuja kuchonga barabara ya Inyonga, sisi wanawake wa makazi ya Warundi tulitoka kulipigia vigelegele. Mimi mwenyewe nilimpa dereva wake chane ya ndizi mbivu nikamwambia ana macho mazuri, ingawa kwa vumbi lile sikuyaona. Kabla ya hapo barabara ilikuwa mashimo matupu. Lori lilitembea kama mtu mwenye funza miguuni, linachagua pa kukanyaga, linaegemea huku, linaegemea kule. Wewe mwenye baiskeli ungeweza kuvuka, ukakumbuka kandambili iliyodondoka, ukarudi kuichukua, ukavuka tena, na lori bado linakuja. Greda likapita, barabara ikawa laini kama sahani. Juma halikuisha, malori yakaanza kuruka. Kumbe tulikuwa tunaupigia vigelegele msiba wetu wenyewe.

Naitwa Lidia. Mume wangu alipokwenda kutafuta dhahabu, akaipata kwa mwanamke mwingine, aliniachia baiskeli na mama yake. Mama yake alifariki, Mungu amlaze pema, baiskeli ikabaki. Siku za mwanzo wanaume walikuwa wanasimama njiani kunicheka, mwanamke mzima na mikungu ya ndizi nyuma, sketi imefungwa kwa kamba ya katani. Niliwaambia wakimaliza kucheka wanisaidie kusukuma kwenye kilima. Wengi walisukuma. Goti langu la kushoto halikunjiki vizuri tangu siku niliyoanguka na mzigo ule ule kwenye mteremko, kwa hiyo baiskeli naipanda kwa kuirukia kama beberu. Ukiniona unaweza kucheka. Cheka tu, nimeshazoea, na nitakuambia usukume.

Njia yetu kutoka makazi inashuka kwenye matanuru ya matofali, inakata barabara kubwa, halafu inaingia mtaa wa Ilembo mpaka stesheni ya Mpanda. Hapo inapokata ndipo panapoitwa njia panda ya Tanuru. Siku ya treni, baiskeli zote za makazi zilikuwa zinashuka pale asubuhi na ndizi, maharage, mihogo mikavu, kuwahi wachuuzi wanaopeleka mali Tabora. Na siku hiyo hiyo, saa zile zile, malori ya tumbaku yalikuwa yanakuja kuwahi mabehewa. Wao wanateremka kutoka mashariki, sisi tunateremka kutoka kwenye matanuru, na treni ni moja.

Sasa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa yaliyompata mdogo wangu. Sisi watu wa makazi tulikuwa na kawaida yetu ya kuvuka, tuliyofundishana tangu miaka ile lori lilipokuwa kitu cha kutazamwa. Tuliiita kupita mkiani. Ukisikia lori, unasimama. Linapita. Likishapita tu, hungoji vumbi litulie, unaingia barabarani hapo hapo nyuma ya mkia wake, kwa sababu lori lilikuwa moja, na likishapita barabara ni yako mpaka kesho. Wazee walituambia mahali salama kuliko pote duniani ni nyuma ya lori. Na walikuwa sawa, kwa miaka yao.

Malori ya tumbaku baada ya greda hayakuja moja moja. Yalikuja yamefuatana, la pili ndani ya vumbi la kwanza, la tatu ndani ya vumbi la pili. Dereva wa pili haoni kitu, anafuata sauti ya mwenzake na hapunguzi asije akaachwa.

Arcade, mdogo wangu wa tumbo moja, alipita mkiani.

Mimi nilikuwa juu kwenye matanuru, naifunga sketi yangu. Nilimwona anasimama vizuri kabisa, mguu mmoja chini, mikungu mitatu kwenye keria, kama tulivyofundishwa. Lori likapita. Akakanyaga pedeli akaingia kwenye lile vumbi, na vumbi likatoa sauti ambayo sitaieleza. Lilipotulia, ndizi zilikuwa zimetapakaa barabarani kama mtu amezipanga kuuza, baiskeli imepinda usukani na mdogo wangu yuko mtaroni, paja limekunjika pasipokunjika. Lori la pili lilikuwa limesimama mbele kidogo. Utingo akashuka. Akaenda kwenye bampa, akaliangalia, akapitisha mkono pale palipokwaruzwa. Halafu akamwangalia Arcade, kwa mbali. Halafu akapanda, wakaondoka.

Kile kitendo cha kulipapasa bampa ndicho kilichokaa na mimi. Ningeweza kusamehe vumbi.

Arcade hakufa. Alilazwa, mguu ukatundikwa kwa kamba na jiwe, na niliwahi kumwambia kwamba sasa anafanana na mkungu wa ndizi unaongoja kuiva. Alicheka kidogo, kisha akageukia ukutani. Siku iliyofuata akamwambia mkewe, Joséline, kwamba baiskeli iuzwe hata kama ni kwa bei ya chuma. Joséline ni mtu wa maneno machache. Ukimsalimia asubuhi anakujibu mchana. Lakini siku hiyo alijibu palepale.

"Haiuzwi," alisema. "Nitaipanda mimi."

Hawakuwa na kitu kingine, huo ndio ukweli. Ile migomba, wale watoto, dawa za Arcade mwenyewe, vyote vilikuwa vinapitia kwenye keria ile mpaka stesheni. Fundi aliunyoosha usukani. Nilimfundisha wifi yangu kwenye uwanja wa shule, akaanguka, nikamcheka, akaanguka tena, nikamcheka tena, mpaka akakasirika akaacha kuanguka.

Ndipo mwenyekiti wetu, mzee Hilari, akaitisha mkutano pale pale matanuruni.

Mzee Hilari si mtu mbaya. Ni mtu asiyependa kelele. Alisema ameongea na wenye malori na wamekubaliana, kwa usalama wetu sisi, kwamba siku ya treni hakuna baiskeli yenye mzigo kuvuka njia panda mpaka malori yote yamalize kupita. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayekugawia nyama. Tukamuuliza yanamaliza saa ngapi. Akasema yakimaliza yatakuwa yamemaliza. Sasa kila mtu pale alijua kwamba malori yanamaliza treni ikiwa imeshapiga honi ya mwisho, na ndizi mbivu hazina treni ya kesho kutwa. Nilimtazama Joséline. Alikuwa ameushika usukani wa baiskeli ya mumewe kama mtu aliyeshika mtoto kwenye gulio.

Wenye malori walikuwa wamemleta mmoja wao, dereva anaitwa Yotham, kijana mtanashati wa kofia, si yule aliyemgonga Arcade. Alitusalimia vizuri, shikamoo kwa wazee, habari zenu akina mama. Alieleza kwamba lori lenye tumbaku mpaka juu halisimami ovyo, kwamba baiskeli ni kitu chembamba, unakiona umeshakifikia, kwamba na yeye ana wanae na hapendi kumgonga mtu. Nilimwamini. Nikanyoosha mkono, nikasimama kwa goti langu.

"Kaka Yotham," nilisema, "ng'ombe wakivuka pale mnafanyaje?"

"Tunasimama, dada."

"Na lile lenye tumbaku mpaka juu?"

Watu wakaanza kuguna. Yotham akavua kofia, akaikung'uta.

"Ng'ombe ana mwenyewe," alisema.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama unavyosema jua linachoma. Na sote tulijua alichokuwa anakisema. Mwaka uliopita lori liligonga mtamba wa Masunga, Msukuma mmoja aliyehamia ng'ambo ya matanuru na kundi lake kutoka huko kaskazini. Wasukuma walitokea hata hatukujua wanatokea wapi, wakakaa kimya mbele ya lori na fimbo zao, wakapika, wakala, wakalala, lori liko palepale, mpaka mwenye lori akaja mwenyewe kutoka Tabora kumlipa Masunga. Madereva wakajifunza. Lakini mtu wa makazi, aliyezaliwa na baba aliyevuka kutoka Burundi na godoro kichwani, akigongwa nani atakuja kukaa mbele ya lori? Arcade walimwangalia kwa mbali wakaenda.

"Haya," nilimwambia, "asante kwa kutufundisha." Nikaketi. Mzee Hilari akafurahi kwamba nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli.

Kwa Masunga hatukuwa tunakwenda. Msimu ule ng'ombe wake walikuwa wameingia kwenye mihogo ya Arcade, wakaila mpaka majani, na tangu hapo tulikuwa tukipishana njiani tunatazama ndege. Nikairukia baiskeli yangu nikaenda. Nilimkuta amekaa mlangoni pa zizi anachonga mpini, na mkewe Nyanzala anakamua.

"Mwangaluka," nilisema, maana salamu yao naijua.

"Mwangaluka," akajibu Masunga, bila kuinua macho. "Umekuja kudai mihogo?"

"Mihogo nimeiona inatembea humu zizini, imenenepa. Nimekuja kuazima ng'ombe."

Hapo akainua macho. Nilimweleza yote, ya mkutano, ya Yotham, ya treni. Nilimwambia kundi lake huvuka barabara kwenda mtoni kila siku jua likishapanda. Siku ya treni alivushe asubuhi, saa zetu, polepole, na sisi tutapita katikati yao. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba ameishi kuona mengi lakini hajawahi kuombwa ng'ombe wa kusindikiza ndizi. Akasema Warundi tuna akili za panya. Nikamwambia afadhali za panya, za kwao zimebaki kwato tupu. Utani wetu haukuandikwa popote, si kama wa kwao na makabila mengine ya huku, lakini siku ile tuliuanzisha na ukashika.

"Na ng'ombe wangu wakigongwa?" aliuliza.

"Hawagongwi. Ndiyo maana nimekuja kwao, sikuja kwako."

Nyanzala alicheka mpaka akaacha kukamua. Alimwambia mumewe kitu kwa Kisukuma, kirefu kidogo, na ndani yake nilisikia neno mihogo mara kadhaa. Masunga akakuna kidevu. Akataka kujua yeye atapata nini. Nikamwambia tukishavuna, mashamba yetu yako wazi, mabua ni ya ng'ombe wake, waingie kwa mlango safari hii. Akauliza kama nina ruhusa ya kuahidi mashamba ya watu. Nikamwambia sina, lakini wakishavuka wataniruhusu.

Siku ya treni ilipofika, tulijikusanya juu kwenye matanuru mapema. Wengine walikuja kwa sababu waliniamini, wengine kwa sababu walitaka kuona nikiaibika, na mimi sikuwabagua, baiskeli ni baiskeli. Joséline alikuja na mikungu mitatu, ile ile idadi aliyobeba mumewe, kwa makusudi. Nilimwambia ni mizito kwake. Akaendelea kufunga. Mzee Hilari alikuwepo pia, amesimama pembeni na baiskeli yake mwenyewe, amefunga gunia la maharage kwenye keria, anatukataza kwa sauti ya chini.

Tukasikia malori kabla ya kuyaona. Halafu tukaona vumbi linaanguka mteremko wa mbali kama moshi wa shamba. Masunga akapiga mluzi.

Ng'ombe wakatoka nyuma ya matanuru, wakashuka, wakaingia barabarani. Hawana haraka ng'ombe wa Kisukuma. Dume moja lenye nundu lilisimama katikati kabisa ya barabara, likajigeuza ubavu kwa malori, likaanza kukojoa, na mkojo wa dume hauna mwisho. Lori la kwanza likapiga honi. Likapiga tena. Kisha tukasikia breki, sauti ndefu ya kulia, halafu nyuma yake breki nyingine, na nyingine, na nyingine, hatuoni kitu, vumbi tu linatujia usoni. Vumbi likapungua taratibu, na kadiri lilivyopungua ndivyo tulivyoyaona: la kwanza, la Yotham, pua yake imefika karibu na dume, na nyuma yake malori yamebanana, la mwisho limeegemea mtaro. Yote yalikuwa kwenye vumbi moja. Mama mmoja nyuma yangu akasema, taratibu, kwamba ndiyo maana Arcade hakuliona.

"Tunapita," nilisema. "Polepole. Msikimbie, ng'ombe hawakimbii."

Tukapita katikati ya pembe, tunakokota baiskeli zetu, harufu ya kinyesi na tumbaku, ndizi zinagusana na migongo ya ng'ombe. Ndama mmoja alikula maganda ya mgomba yaliyofunika mzigo wa mwenzangu. Yotham alikuwa ametoa kichwa dirishani, kofia mkononi, anatutazama kama mtu anayehesabu kuku wa jirani ndani ya banda lake. Nikampungia mkono.

Nilipofika ng'ambo niligeuka kuangalia nani amebaki. Aliyebaki ni Joséline. Mzigo wake ulikuwa umeteleza kwenye mteremko, akasimama kuufunga, na sasa ndiyo anaingia barabarani, peke yake. Ng'ombe wa mwisho alikuwa anapanda ukingo wa huku, mkia unacheza. Barabara ilikuwa tupu. Ni wifi yangu tu na mikungu mitatu, pale pale Arcade alipogongwa.

Lori la Yotham likaguruma. Likasogea kidogo.

Nikaiangusha baiskeli yangu, nikarudi barabarani kwa mguu wangu huu, nikasimama mbele ya taa zake. Chuma kile kina joto, unalisikia usoni.

"Dada, ng'ombe wamekwisha," Yotham alisema kutoka juu.

"Nimeona. Sasa anapita wifi yangu."

"Treni itatuacha."

"Na yeye itamwacha. Ngoja."

Nyuma yake malori yalikuwa yanapiga honi zote pamoja. Yotham akaangalia nyuma, akaniangalia mimi, akaangalia ng'ambo. Masunga alikuwa amerudi ukingoni, ameegemea fimbo yake, Nyanzala pembeni yake, na watu wetu wa baiskeli wameanza kuweka baiskeli chini mmoja mmoja na kusogea.

"Huyo ni wangu," Masunga alisema, si kwa kelele. "Hata huyo mwenye goti ni wangu, ingawa maziwa hana. Mguse, utajua mwenyewe ni nani."

Jibu la yale maziwa nilimpa baadaye, na sitaliandika hapa. Yotham alizima injini. Kukawa kimya mpaka tukasikia kengele ya baiskeli ya Joséline, maana alikuwa anaipiga, kin, kin, mbele ya lori lililosimama.

Alipofika katikati kabisa ya barabara, akasimama. Nikadhani mzigo umeteleza tena. Akaweka stendi. Akazunguka nyuma ya baiskeli, akaifungua kamba ya mikungu, akaikunjua yote, akaifunga upya, fundo kwa fundo, akaivuta kwa meno, akalijaribu kila fundo kwa kidole. Kamba ilikuwa nzima. Mimi niliiona, ilikuwa nzima kabisa. Malori yote ya Inyonga yalisimama yakimngoja wifi yangu, mwenye kujibu salamu ya asubuhi mchana, amalize kufunga kamba isiyolegea. Kisha akaenda mbele ya lori, mpaka kwenye bampa. Akalipapasa kwa kiganja, kutoka upande mmoja mpaka mwingine, polepole. Akakiangalia kiganja chake. Akakifuta kwenye kanga.

"Bampa ni zima kabisa," alimwambia Yotham. "Asante."

Akakokota baiskeli akavuka.

Treni tuliikuta. Arcade tulipomsimulia aliuliza kama breki ya nyuma bado inashika, kwamba yule fundi ana tabia ya kuilegeza. Habari ya kuuza haikutajwa tena katika nyumba ile.

Kuna jingine dogo. Treni iliyofuata ng'ombe wa Masunga hawakuja, mmoja alikuwa anazaa kwa shida na wote walikuwa zizini. Tuliposhuka matanuruni tulikuwa sisi na baiskeli zetu tu, na malori tunayasikia. Watu wakanitazama. Nikaifunga sketi, nikashuka mpaka ukingoni, nikasimama barabarani na mkono juu. Lori la mbele likapunguza mbali, kabla halijafika kwenye matanuru, dereva ametoa mkono dirishani kuwaashiria wa nyuma. Ni Yotham. Akasimama, akachungulia kushoto, akachungulia kulia.

"Wako wapi?" akauliza.

"Wako nyuma," nikamwambia. "Wanakuja."

Tukavuka wote, polepole, na wa mwisho wetu alikuwa mzee Hilari na gunia lake la maharage, anaangalia mbele kama mtu asiyetufahamu. Nasikia Yotham alingoja ng'ombe muda mrefu sana.